Mtoto kazaliwa na nywele haba: maswali ninayoulizwa saluni

Mimi ni msusi, Mwanjelwa, Mbeya. Kutwa nashika vichwa vya watu, na binti yangu wa kwanza ana nywele za kuhesabu. Mungu naye ana utani wake. Akina mama wakimwona ananiletea chai, huanza kuniuliza kwa kunong'ona, wengine wana mtoto mgongoni aliyevikwa kofia mbili. Nimechoka kujibu mmoja mmoja huku mikono iko kwenye rasta, ndiyo maana nimeandika. Mimi si daktari. Mambo ya kitabibu nimeyapata kwa madaktari wa ngozi niliozunguka kwao miaka 6, na nisichokielewa nilikirudisha nielezwe upya.

Wangu ana miezi 4, kisogo kimebaki kipara. Ndiyo haya haya?

Kwa kawaida siyo. Nywele alizotoka nazo tumboni huanguka zenyewe katika miezi 6 ya mwanzo, na kisogo hutangulia kwa sababu ndicho kinachosuguana na godoro na kanga. Zitakazoota baadaye zinaweza kuja na rangi nyingine na mkunjo mwingine. Mtoto huyo hahitaji dawa. Awapo macho, mlaze kifudifudi ukiwa umekaa pembeni yake, basi.

Sasa nitajuaje kama ni nywele haba za kuzaliwa?

Kwa muda. Binti yangu alizaliwa na vinywele laini kama manyoya ya kifaranga. Bibi yake wa Tukuyu akasema subiri, hata baba yake alichelewa. Tukasubiri. Alipotimiza miaka 2, ukimwogesha unaiona ngozi yote ya kichwa, na nyusi zilikuwa kama mstari wa penseli uliofutwa. Kwa mtoto wa umri huo, kama nywele ni chache kichwa kizima na hazijawahi kujaa, mpeleke akaonwe. Nyusi na kope nazo zikiwa chache, usingoje hata huo umri.

Kuna jambo unaloweza kulifanya nyumbani. Weka karatasi nyeupe nyuma ya nywele chache, simama karibu na dirisha, angalia ncha. Ncha iliyochongoka taratibu mpaka kuisha ni ya unywele ambao haujawahi kukatwa wala kukatika. Ncha butu, au iliyochanika kama ufagio uliochoka, inakwambia nywele zinaota ila zinakatikia njiani. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Kuna aina inaitwa monilethriksi: chini ya darubini unywele mmoja unaonekana kama uzi wa shanga, pana, nyembamba, pana, nyembamba, na unakatikia penye wembamba. Daktari aliponionyesha picha yake nilisahau kilichonipeleka pale. Miaka yote nimeshika nywele sijawahi kuona kitu kama kile.

Kama mtoto alikuwa na nywele nzuri kisha zikatoka kwa mabaka, hiyo ni habari nyingine. Mabaka yenye magamba na kuwasha huenda ni mashilingi, fangasi wa ngozi, na ya kichwani yanataka dawa ya kumeza, si ya kupaka peke yake. Nywele zikipungua kwenye kipaji na pembeni ya masikio, tuulizwe sisi wasusi tunaokaza. Na mtoto akizaliwa na doa moja lisilo na nywele, hasa utosini na ngozi yake ikiwa nyembamba au kama kovu, aonwe mapema, maana pengine ngozi ya hapo haikujiunda vizuri.

Husababishwa na nini?

Mizizi yote ya nywele za mtu hujengwa akiwa tumboni. Mimba ikifika mwezi wa 5 hivi, ujenzi umekwisha, na baada ya kuzaliwa hauongezeki hata mmoja. Kichwa cha kawaida kina nywele kama 100,000. Mtoto mwenye nywele haba za kuzaliwa, hali ambayo madaktari huiita haipotrikosisi, ama ana mizizi michache, ama mizizi ipo lakini inatoa unywele dhaifu unaokua muda mfupi na kuanguka.

Kinachoamua ni jeni, yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, na jeni zinazohusika ni nyingi. Mojawapo ni LIPH, ambayo watafiti waliitambua mwaka 2006 kwa familia za Wachuvashi na Wamari, watu wa bonde la mto Volga huko Urusi. Nalitaja hilo kwa sababu wengi hudhani jambo hili ni la ukoo wao peke yao hapa Rungwe au Kilolo.

Huweza kurithiwa kwa njia zaidi ya moja. Kwa njia moja, baba na mama wote wana nywele nzuri, ila kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni yenye kasoro bila kujua. Kwao kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mwenye hali hii, na wakiwa ndugu wa damu uwezekano wa kubeba kasoro ileile huwa mkubwa zaidi. Kwa njia nyingine inatoka kwa mzazi mmoja ambaye naye ni hivyo hivyo, na hapo ni nusu kwa nusu. Ipo pia inayopitia kwa mama na kuwashika zaidi watoto wa kiume.

Mama mkwe anasema ni kwa sababu nilisuka rasta nikiwa mjamzito.

Hapana. Wala si pilipili uliyokula, wala si kijicho cha jirani. Mjibu kwa heshima, "Sawa mama, nimesikia," kisha umpeleke mtoto hospitali.

Nikimnyoa mara kwa mara hazitajaa?

Swali hili ndilo linalonitesa kuliko yote, kwa sababu mimi mwenyewe nilimnyoa mara 7. Kila mara nilikuwa nakusanya vile vinywele kwenye kitambaa, nanyoa taratibu kwa wembe mpya, naosha kwa maji ya uvuguvugu. Baada ya wiki mbili nikipapasa nasikia vinachoma kiganja, nafurahi. Kumbe unywele ulionyolewa una ncha butu, ndiyo maana unachoma na kuonekana mnene. Wembe unakata kilicho juu ya ngozi tu, mzizi chini hauna habari kama kuna mtu amepita. Nilizihesabu kwenye eneo la sarafu moja kabla na baada: idadi ileile.

Ukitaka kumnyoa kwa mila au kwa usafi, nyoa. Ila usimnyoe kabla ya kumpeleka kwa daktari. Safari yetu ya kwanza nilimnyoa ili apendeze, daktari akaangalia kichwa, akaniangalia mimi, akasema, "Dada, sasa nitazame nini?" Tukarudi baada ya miezi mitatu.

Mafuta ya parachichi, nyonyo, alovera, maji ya kitunguu?

Huku kwetu parachichi ni nyingi, Rungwe na Njombe zinaliwa na zinasafirishwa nje, kwa hiyo kila mtu ana chupa ya kukushauri. Mafuta yanafanya kazi yake: yanalainisha ngozi kavu na kuufanya unywele uliopo usikatike ovyo. Kwa mtoto ambaye nywele zake zinakatika, hilo si dogo, na mimi napaka mafuta ya nazi kila jioni. Kuotesha mzizi ambao haupo, hayawezi.

Maji ya kitunguu yanaunguza ngozi ya mtoto. Niliwahi kuona mtoto ameletwa na malengelenge nyuma ya sikio. Achana nayo.

Jambo la kuogopa zaidi ni tyubu zisizo na maelezo. Duka moja la dawa, sitalitaja, liliniuzia krimu ya "kuotesha" nikaipaka miezi miwili. Ngozi ya kichwa ikawa nyembamba na kung'aa, vishipa vikaanza kuonekana. Daktari alisema ilikuwa steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi. Dawa za jamii hiyo zina magonjwa yanayozihitaji, ila kwa nywele haba za kuzaliwa hazisaidii.

Na minoksidili? Naona watu wazima wanaipaka ndevu.

Hii nayo nitaikalia kidogo. Minoksidili ilianza kama kidonge cha presha, watu wakaota nywele mwilini, ndipo ikageuzwa kuwa ya kupaka. Inarefusha muda ambao unywele unakua kabla ya kuanguka. Kwa hiyo inahitaji mzizi ulio hai. Kwa baadhi ya aina za haipotrikosisi, ikiwemo hiyo ya LIPH, madaktari wameripoti wagonjwa ambao nywele ziliongezeka kiasi. Wengine hawakuona kitu. Wanaofaidika huona baada ya miezi 4 hadi 6, na wakiacha, kilichoota kinaanguka.

Shida ni kwamba kwenye chupa imeandikwa ya watu wazima, na kwa mtoto ni daktari pekee anayeweza kuamua kuitumia kinyume na maandishi hayo. Ngozi ya mtoto ni nyembamba na kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili, dawa inaingia kwenye damu, presha inashuka, moyo unakwenda mbio. Mwaka 2019 huko Hispania watoto wachanga kadhaa waliota nywele usoni na mwilini baada ya dawa yao ya tumbo kuchanganywa kimakosa na minoksidili. Hata baba anayeipaka ndevu asimbebe mtoto shavu kwa shavu, na anawe mikono.

Sisi daktari alituambia tungoje mpaka akue, tuamue pamoja naye. Tumengoja. Sijutii.

Vidonge vya nywele vya biotini?

Biotini ni vitamini, na kuna watoto wachache ambao mwili wao hauwezi kuitumia upya ile iliyokwishatumika. Hao huwa na upele, nywele kutoka, na degedege, nao wakipewa biotini kwa dozi ya daktari hubadilika sana. Kwa mtoto asiye na tatizo hilo, vidonge ni hela imekwenda. Tena biotini nyingi inavuruga baadhi ya vipimo vya damu, cha tezi ya shingo kikiwemo, hivyo ukimpa mtoto mwambie daktari kabla hajachukuliwa damu.

Lishe je? Wanasema huku kwetu watoto wamedumaa.

Ni kweli, na inashangaza kwa mikoa inayolisha wengine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa. Ugali mweupe na viazi kila siku vinashibisha bila kujenga. Ila nywele za utapiamlo zina sura yake: zinageuka rangi ya kutu, zinanyooka, zinang'oka bila maumivu, na mtoto amevimba miguu au amenyong'onyea. Hakuzaliwa hivyo. Akila vizuri zinarudi.

Upo pia ugonjwa wa kurithi wa kushindwa kufyonza zinki. Mara nyingi unaanza mtoto anapoachishwa ziwa: vidonda kuzunguka mdomo na makalio, kuhara, nywele kupukutika. Dawa yake ni zinki hiyo hiyo, lakini kwa maisha yote na kwa kipimo cha daktari. Tezi ya shingo isiyofanya kazi tangu kuzaliwa nayo hukausha nywele na kumfanya mtoto azubae na kufunga choo. Nayatanguliza haya kwa sababu yanatibika, na itakuwa dhambi kukaa unapaka nyonyo wakati mtoto anahitaji kidonge.

Ni wakati gani nywele haba zinaashiria jambo kubwa zaidi?

Mvue nguo, umwangalie mtoto mzima. Daktari wa ngozi alitumia dakika 2 kichwani na dakika 20 kwingine kote. Alimfungua mdomo, akashika kila ukucha, akageuza viganja na nyayo, akauliza kama anatoka jasho. Nilidhani amesahau tulichofuata.

Alikuwa anatafuta displasia ya ektodemu, familia ya magonjwa ambamo vyote vinavyochipuka kwenye ngozi hukosewa kwa pamoja: nywele, meno, kucha, tezi za jasho. Mtoto anaweza kuwa na meno machache yaliyochongoka kama msumari, au afike mwaka na nusu bila hata jino moja. Hatari yake ni jasho. Asiyetoa jasho mwili wake hauna namna ya kujipoza, homa inapanda bila ugonjwa, na anaweza kupata degedege au kufa.

Hapa nyanda za juu jambo hili linajificha. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe na Makete ni baridi zaidi, na mtoto asiyetoa jasho anaishi bila mtu kugundua. Siku anapelekwa kwa shangazi Kyela, ziwani, karibu mita 500, au anakwenda Mbarali wakati wa mavuno ya mpunga, au Pawaga kwa watu wa Iringa, anaanza kuchemka. Familia inasema malaria. Kipimo kinasema hakuna. Ukiwa na mtoto wa nywele haba ambaye kila akishuka bondeni anaugua na akipanda mlimani anapona, mweleze daktari maneno hayohayo. Njiani mloweshe fulana, mpe maji, mkae kivulini, na shuleni asikimbizwe mchakamchaka wa jua kali.

Vingine vya kusema bila kungoja kuulizwa: viganja na nyayo zenye ngozi nene isiyo ya kawaida pamoja na nywele za ajabu, maana zipo aina zinazogusa moyo na kipimo cha moyo kinahitajika; kimo kifupi sana na maambukizi ya mara kwa mara; mtoto wa kiume mlegevu mwenye nywele ngumu zilizosokotana na degedege. Vitabu husema "nywele kama sufu" ni dalili. Sisi wote nywele zetu ni kipilipili, kwa hiyo linganisha mtoto na ndugu zake, si na picha ya kitabuni.

Nianzie wapi?

Zahanati au kliniki ya mtoto, upewe rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa ndizo ngazi za kufuata. Jambo likiwa gumu, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kanda cha kufundisha wataalamu wa ngozi, kipo tangu 1992, na Dar es Salaam kuna Muhimbili. Beba kadi ya kliniki, picha za mtoto tangu kuzaliwa, na majina ya ndugu wenye hali kama hiyo pande zote mbili. Siku hiyo usimpake mafuta. Kipimo cha jeni si cha kila hospitali, usivunjike moyo ukiambiwa hakipo. Mara nyingi macho, darubini na historia ya ukoo vinatosha kujua upo upande gani.

Naweza kumsuka?

Sasa hapa niko nyumbani. Rasta hapana, mpaka mizizi ithibitike kuwa imara. Uzito wa rasta kwenye nywele dhaifu ni kama kumning'iniza mtu kwenye uzi. Dawa ya kulainisha nywele usiisogeze kabisa. Vibutu vilegevu vya mkono kwa nywele zilizofika, sawa. Chana kwa kitana cha meno mapana, nywele zikiwa na unyevu, anza nchani. Wigi kwa binti mkubwa ni jambo jema, chagua lenye kitambaa laini ndani, lisigundishwe kwa gundi, livuliwe usiku. Kofia ya sufu asubuhi ya Juni, kofia pana mchana: kadiri unavyopanda mlima ndivyo miale ya jua inavyokuwa mikali, kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na kichwa kisicho na nywele kinaungua hata kukiwa na baridi.

Shuleni hawatamcheka?

Shule nyingi za serikali zinataka wanafunzi wote wapunguze nywele, wasichana kwa wavulana, na kwa mara ya kwanza niliushukuru wembe. Asubuhi mstarini vichwa vyote vinafanana. Wanaomchokoza binti yangu zaidi ni watu wazima. Mteja mmoja alimuuliza, "We mtoto, nywele zako ziko wapi?" Akamjibu, "Nimemkopesha mama, anawasukia nyie." Saluni nzima ilicheka, yeye akaendelea kumenya chungwa. Jioni nilimkuta kwenye kioo anajichora nyusi kwa penseli yangu ya wanja. Nikakaa naye, nikamwonyesha namna ya kuanzia ndani kwenda nje.

Kupandikiza?

Nywele za kupandikiza huchukuliwa kisogoni kwa mtu mwenyewe. Kama kisogo nacho ni haba, hakuna cha kuchukua.

Kuna matumaini ya dawa mpya?

Kwa aina moja ya displasia ya ektodemu, ndiyo. Mwaka 2018 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, walieleza watoto watatu wa kiume waliopewa protini iliyokosekana wakiwa bado tumboni, kwa sindano kwenye maji ya uzazi. Walizaliwa wakaweza kutoa jasho. Bado ni utafiti, haujafika hospitali zetu. Kwa haipotrikosisi ya kawaida sijasikia kitu cha namna hiyo kutoka kwa daktari yeyote, ila kwa TikTok nasikia kila siku.

Naweza kukuletea mtoto umwone?

Lete, asubuhi ya siku za kazi, Jumamosi kuna foleni. Sitakuuzia mafuta. Nitamwangalia meno na kucha, nikwambie cha kumuuliza daktari. Na tafadhali, usimnyoe.